Mama Mkwe Aliyesimama Mlangoni

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa binti, nashona nguo dukani kwa Bi Zuhura, sokoni Kibondo, na nilikuwa nimeshachumbiwa. Mama wa mchumba wangu akatoka Rungwe Mpya kuja kunisalimia. Nawe unazijua salamu zetu sisi Waha: hukumbatiwi ukaachwa. Unashikwa mabega, unapapaswa mgongo, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, hadi za mbuzi, na bado umeshikwa tu.

Aliponyoosha mikono, niliruka nyuma nikagonga cherehani.

"Kwani mimi nina upele?" akauliza mbele ya wateja. Akageuka, akaondoka.

Nililia. Nilimpenda yule mama, ila kuguswa ghafla kuliniunguza ngozi tangu utotoni, na kwetu mtoto wa hivyo huambiwa ana maringo. Niliona ndoa imekwenda, na kazi nayo, maana wateja walishalalamika kwamba fundi wa Bi Zuhura hasalimii watu.

Bi Zuhura, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mkali. Lakini siku ile hakunifokea. Aliniuliza swali ambalo hata mama yangu mzazi hakuwahi kuniuliza: "Kinachokusumbua ni mtu, au ni mkono wake?"

Nikasema ni mkono. Akajitanda mtandio, akamfuata yule mama stendi.

Walirudi pamoja. Mama mkwe akasimama mlangoni, akapiga makofi taratibu, vile tunavyomwamkia mkubwa, yeye mkubwa kwangu mimi mdogo. "Mwakeye," akasema. Nami nikapiga makofi, nikaitikia.

"Kumbe salamu unazo!" akacheka. Tuliamkiana hivyo miaka yote, hadi nilipomzika. Mwanawe naye alijifunza kusema "naja" kabla ya kunigusa bega.

Mvi zilikuwa zimeshanijaa tulipompeleka mjukuu hospitali, daktari akatueleza habari za usonji. Nikamwambia, "Daktari, hayo unayoyasema ni yangu." Akanichunguza na mimi, akakubali. Nilishukuru kulijua jina la hali yangu uzeeni. Lakini niliwashukuru zaidi wale wanawake wawili, ambao jina hawakulijua na nafasi wakanipa.

Mwanangu, nawe daktari amekuambia hivyo hivyo mwaka huu, na wiki ijayo unaanza kazi Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi. Unaniuliza useme au unyamaze. Usimwambie kila mtu, wengine watakugeuza kichekesho. Mwambie mkubwa wako wa kazi, waziwazi: kelele zinaniumiza, nipe kazi moja baada ya nyingine, na hiki hapa nakiweza. Kijana atakayekutaka naye mwambie mapema, kabla hajadhani humpendi. Ukimpata anayekuuliza kama Bi Zuhura, usimwache. Asiyeuliza, mwache aende zake, wala usijione umeharibika.

Nenda salama. Mungu akutangulie, na kila mlango utakaoingia akuwekee mtu wa kusimama hapo nje, apige makofi taratibu, asubiri hadi uwe tayari kuitikia.