Kijiti Katika Bomba la Mvuke

Kuni mbichi za mkaratusi zikiungua hutoa harufu kali kama ya dawa, inayokwaruza koo na kuleta machozi, na ndani ya harufu hiyo imo likizo yangu moja huko Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Sisi tuliishi Uvira, mtaa wa Songo, ambako joto humfanya mtu aoge maji baridi bila kulalamika. Lemera asubuhi ina baridi ya kugonganisha meno, na mwaka ule mdogo wake mama, mama mdogo Mapendo, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza kwa nyanya yetu. Kwetu mzazi hukandwa. Kila asubuhi hukalishwa kwenye kigoda, akakandwa tumbo na mgongo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji yanayokaribia kuchemka, hata akipiga kelele. Nilishtuka kuona wanawake wanaompenda wakimuunguza huku wakimtania, na nilipouliza nani alihakikisha kwamba inasaidia, koko, ndivyo tulivyomwita nyanya, alinijibu: “Weye, maulizo yako iko kama mbuzi mu shamba ya watu. Inakula na haishibi.”

Maji hayo yalitoka kwenye jiko alilolijenga marehemu babu nyuma ya nyumba. Alilaza pipa la chuma juu ya kuta mbili fupi za matofali, akaacha nafasi ya moto chini yake, akaziba pande zote kwa udongo uliochanganywa na majivu. Bomba moja lenye robine ya kufungulia maji lilipenya ukuta hadi bafuni, kijumba kilichoegemezwa kwenye jiko ili kipate joto. Bomba la pili, jembamba, lilisimama juu ya pipa, mdomo wazi, likitoa mvuke na mluzi. Kazi ya jiko hilo haikuisha: kuzoa majivu kabla ya kuwasha, kusukuma masizi ya dohani kwa fungu la majani makavu ya mgomba, kuziba nyufa zilizofunguka usiku, kuongeza maji kabla pipa halijafika nusu, kisha kukaza kifuniko chake kwa koleo. Koko aliijua sababu ya kila kazi, isipokuwa ya katazo moja. “Ile tuyo ya juu musiiguse,” alisema, akilionyesha bomba la mvuke. Nikauliza kwa nini. “Koko yako mwanaume alikataza.” Basi. Babu alikuwa amekufa na sababu yake.

Mama yangu, mjini, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kufundisha watu kujikinga na kolera, yaani kipindupindu. Mtu wa Uvira akiona mdomo wa kidumu uko wazi, mkono wake hutafuta kizibo kabla hajafikiri, na mama alikuwa amewafundisha wengine kufanya hivyo. Asubuhi moja, alipokuwa amepanda Lemera kumwona mdogo wake, alisimama mbele ya jiko ambalo lilikuwa halijawashwa, akamwona nzi ametua kwenye lile bomba. “Munaacha maji ya muzazi wazi vile? Njo vile kolera inaingia mu nyumba.” Koko akamkumbusha katazo. Mama akacheka kwa heshima, jinsi wasomi wanavyowacheka wazazi wao. Koko alipoondoka, mama alichonga kijiti, akakizungushia kipande cha mfuko wa plastiki wa bluu aliobebea sabuni, akakigongomea kwa jiwe katika mdomo wa bomba mpaka kikakaa.

Moto uliwashwa. Nilikuwa nikipasua kuni nilipogundua kwamba jiko halipigi mluzi. Nikamwambia mama. “Leo limepata adabu,” akasema. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi niliidhani methali hiyo inahusu watu. Bafuni koko alikuwa anamkanda Mapendo. Mtoto akalia ndani ya nyumba, Mapendo akajifunga kitenge akaenda kumnyonyesha. Alikuwa bado hajaketi pipa lilipopasuka. Ukuta wa bafu ukaanguka na maji yakamwagikia miguu ya koko. Nakumbuka matofali uwanjani yakitoa moshi, na koko amekaa akiitazama ngozi ya mguu wake kama ya mtu mwingine.

Alipelekwa hospitali kwa machela, akapona baada ya muda mrefu. Lakini mshtuko ulionibadilisha ulikuja mchana uleule. Jirani wa koko, Mama Faida, mjane mzee, alikuwa amekuja jioni iliyotangulia kuomba maji ya moto ya kukanda magoti. Aliambiwa yamekwisha, akaondoka akitania: “Sawa, hata moto iko inachoka.” Sasa utani huo ukawa ushahidi wa uchawi. “Kikulacho ki nguoni mwako,” mtu akasema, na uwanja mzima ukageukia nyumba yake. Vijana walewale waliobeba machela walikuwa wamemtoa nje, sufuria zake zimetupwa njiani, mmoja tayari ana jiwe mkononi. Mama Faida hakujitetea. Aliuliza tu: “Koko wa pale iko muzima?”

Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alisimama hivyo kwa muda ambao hadi leo naona ulikuwa mrefu mno, kisha akasema: “Ni miye nilifunga ile tuyo.” Wakacheka. “Mama ya mujini anaficha mulozi,” kijana mmoja akadhihaki. Mama akaingia kwenye vifusi, akarudi na bomba lililopinda, kijiti bado kimekwama ndani, plastiki ya bluu imeyeyuka pembeni. Akaeleza jinsi mvuke unavyosukuma ukikosa njia. Ndipo jiwe likawekwa chini. Hakuna aliyeomba msamaha. Kijana aliyekuwa nalo aliokota sufuria, akamrudishia Mama Faida, akamuuliza kama ana ugali uliobaki, naye akampa.

Siku hizi watu hubeba simu mkononi, na jina la mzee anayeshukiwa uchawi husambaa mjini kabla moshi haujatulia. Mimi nimesoma chuo kikuu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba elimu ndiyo iliyomwokoa Mama Faida siku ile. Mwaka huu nilimwambia mama hivyo. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa. “Koko yako alikuwa muzima, njo maana nilisema. Kama mutoto wa Mapendo angekuwa mule ndani, amekufa, sijui kama ningefungua kinywa.” Akaendelea kupepeta. Tangu hapo, kila ninaposikia kwamba mtaani kuna mtu ametajwa kuwa mchawi, simtazami yeye wala wanaopiga kelele. Natafuta, kati ya wote waliosimama pale, ni nani aliyenyamaza.