Zamu ya Modesta

Jumamosi, tarehe 11 Machi 1995, wanajumuiya ishirini na watatu walikutana Igogo, Mwanza, nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mzee Deodatus Lwakatare, kwa sala ya Kwaresima. Mwishoni mwenyekiti alitangaza kuwa Jumamosi ijayo zamu ya kupokea sala ingekuwa ya Modesta Malimi, mjane aliyeitwa pia Mama Ngosha, aliyekaanga na kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda vya minofu. Modesta hakushukuru kama ilivyo desturi. Alisimama.

"Mzee, zamu ya Paskazia imerukwa tena."

"Paskazia ni mgonjwa, mama. Tusimsumbue."

"Mgonjwa ndiye anayesaliwa."

"Huyo mgonjwa? Huyo kakanyaga waya!" alidakia Sabina, jirani wa Modesta, akimaanisha UKIMWI, na vicheko vikapita mkekani. "Nenda wewe, Mama Ngosha. Ila mapanki yako utakula mwenyewe."

Haukuwa utani mtupu. Tangu Modesta aanze kumpelekea Paskazia uji, wateja wake wa jioni walikuwa wakimpita bila salamu. Hata hivyo, alijua kilichomnyima Paskazia usingizi kuliko kikohozi. Nyumba isiyopokea sala haikuhesabiwa kuwa ya jumuiya, na wa nyumba hiyo akifa, jumuiya haikumzika. Paskazia alitoka Bukoba. Mwanza hakuwa na ndugu.

"Dada, kufa nitakufa," alikuwa amemwambia. "Lakini nisije nikafukiwa na watu wa manispaa kama mzoga."

Modesta alirudi nyumbani akiwa ameshaamua. Mwaka uliotangulia, mwanajumuiya mmoja alipoomba kupokelea sala kwa kaka yake Buhongwa, kwenye sebule pana, Mzee Lwakatare alimkatalia mbele ya wote: sala hufuata mahali mtu anapolala, si mahali penye makochi.

Jumatatu, mchana kweupe, Modesta alijitwika godoro.

"Unahama, Mama Ngosha?" Sabina aliuliza.

"Nahama."

"Wapi tena?"

"Njoo Jumamosi utapaona."

Juma lile alilala chumbani kwa Paskazia. Alimwogesha, akamfulia mashuka, akayaanika mbele ya nyumba ambapo kila mpita njia aliyaona. Jioni alitandaza mapanki yake kama kawaida, hakuna aliyenunua. Aliyarudisha ndani, wakala wote wawili katika sahani moja.

Jumamosi wanajumuiya walikuta kufuli mlangoni kwa Modesta. Walipoelekezwa alikohamia, manung'uniko yalifika kwa Paskazia kabla yao. Modesta aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mama Ngosha, unatutega?"

"Nawakaribisha. Ninalala hapa, na zamu ni yangu. Kanuni ni ya kwako, Mzee."

"Mimi nina mtoto anayenyonya," Sabina alisema kwa sauti ya chini, bila dhihaka safari hii, akageuka. Wengine walimfuata, na baadhi walijificha nyuma ya migongo ya wenzao wasionekane wakiondoka.

Ndani, Paskazia alikuwa ameketishwa kwenye godoro, kitenge chake kimemzidi mwili. "Karibuni," alisema. "Karibuni ndani."

Mzee Lwakatare alikuwa Mhaya kama yeye. Ugonjwa ule ulikuwa umepita kwao pia, ingawa yeye aliuita malaria. Alimtazama Modesta kwa hasira, kisha akamtazama mgonjwa kwa muda mrefu zaidi. Hatimaye alivua kofia, akainama, akaingia.

"Tukae," aliwaambia waliomfuata. "Leo tumepokelewa nyumbani kwa Paskazia. Nyumba hii ni ya jumuiya, na wa humu ni wetu, katika uzima na katika kifo. Mwenye neno aseme sasa."

Paskazia alifunika uso kwa kitenge, na Modesta akaanzisha wimbo.

Wageni walioingia walikuwa wanane. Wawili walitoka uji ulipoletwa. Waliokunywa wakabaki hadi baraka ya mwisho walikuwa sita: Mzee Lwakatare, Chenge na mkewe Odeta, Renatha, mama yake Renatha, na Yakobo fundi viatu. Ukiwajumlisha wenyeji wao, Modesta na Paskazia, walikuwa wanane.