Taulo za Kuaga za Chizuru

Kilichonipeleka kwenye uwanja ule ni picha ndogo iliyodariziwa kwenye taulo. Nilikuwa na wiki tatu Guangzhou, nimefuatana na Mama Upendo, mfanyabiashara wa nguo wa Makambako, aliyetaka mtu wa kubeba mizigo asiyechoka kuulizauliza. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuuliza sikuacha. Alhamisi ile tulikuwa kwenye karakana ya kudarizi huko Sanyuanli, msimu ambao hewa ni nzito na kuta za mji mzima hutoka jasho. Kwenye kona palikuwa na rundo la taulo ndogo nyeupe, kila moja ina kibendera kilichosimama ndani ya kishimo.

"Hiki ni kijiko?" aliuliza Mama Upendo.

"Hiyo ni gofu, mama. Bendera ya shimo. Nimebeba mikoba ya wachezaji kule Mufindi, uwanja wa mashamba ya chai."

Mwenye karakana, mwanamke tuliyemwita laoban, yaani bosi, alizima cherehani. Kwa simu yake inayotafsiri alitueleza kwamba taulo zile ni za Mjapani, mchezaji wa gofu ya kulipwa. Maandishi ya Kijapani juu yake, ambayo Mchina naye huweza kuyasoma, yalisema: Asante kwa miaka kumi na tisa. Kesho asipopita mchujo wa mashindano, anaacha kucheza. Mzigo lazima ufike asubuhi, na mpelekaji alikuwa anaumwa.

"Na akipita?" nikauliza.

"Meiyou," alisema laoban, neno lao la hakuna. Hilo hakuambiwa.

"Mpe huyu aupeleke," Mama Upendo akasema. "Miguu yake haina breki. Ila Festo, urudi! Nakujua, unaondokaga kama moshi."

Alisema kweli. Sijawahi kuaga mahali. Hata nyumba ya dada yangu Tulizo, aliyenilea, niliondoka alfajiri nikaacha ufunguo dirishani.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda treni ya chini ya ardhi na mzigo begani. Watu walisinzia wamesimama. Nilishuka kituo cha mwisho, nikapanda basi, na mji ukaanza kuyeyuka nyuma yangu. Maghorofa yaliingia kwenye ukungu moja baada ya jingine, mpaka ikabaki misufi tu, haina jani hata moja, imejaa maua mekundu kama taa zilizosahaulika kuzimwa.

Saa moja na nusu nilifika getini. Majani ya uwanja yalikuwa na umande, na kwa dakika nzima nilisahau niko nchi gani. Harufu ilikuwa ya Mufindi.

Mwanamke mwembamba wa miaka kama arobaini alikuja kunipokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua na jua, wa kushoto mweupe kama wa mtu mwingine, kwa sababu ya glavu. Huyo ndiye Chizuru. Tulizungumza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, na nilipomwambia nimetoka kwenye mashamba ya chai, aliweka mzigo chini.

"Chai? Kwetu pia ni chai. Milima yote."

Akanisimulia huku akijaribu mipira ya karibu na shimo. Baba yake alimfungia wavu kati ya mistari ya chai, naye akiwa na miaka tisa akawa anaupiga mipira mpaka giza linaingia. Wachumaji walimtania kwamba atakuwa bingwa wa kushinda wavu. Alipofika miaka ishirini na mbili, akaanza kucheza kwa kulipwa. Mwaka uliofuata alishinda, mara moja tu, kwenye mvua. Kombe halikumbuki vizuri, anakumbuka maji ndani ya viatu. Kisha kifundo cha mkono kikaharibika, na miaka ikawa hoteli ndogondogo ambako asubuhi alisoma jina la mji kwenye karatasi ya sabuni.

"Nikuwekee wapi hizi taulo mpaka mchana?" nikauliza.

"Nazigawa sasa hivi."

"Lakini dada, hujashindwa bado!"

"Mchana nikishindwa nitakuwa nalia. Mtu anayelia hashukuru vizuri."

Akazigawa kweli. Aliwapa wakata nyasi, wapishi wa tambi, mlinzi wa geti, na wachezaji aliokuwa anashindana nao. Kila mmoja, Chizuru alimwinamia na kumpa kwa mikono miwili. Mchezaji mmoja Mchina, binti mdogo, alimtania, "Ukipita leo, tukurudishie?"

"Zikiwa zimefuliwa," akajibu.

Saa mbili na nusu alianza. Nilitembea nje ya kamba, polepole, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wa mwenzake. Ukungu ulimeza mipira na kuitapika mbele, kwenye majani. Kufikia shimo la kumi na nane alikuwa sawasawa kwenye mstari wa mchujo. Mpira ulikuwa hatua tatu kutoka shimoni. Ukiingia anaendelea, usipoingia, miaka kumi na tisa imekwisha.

Akaugonga. Mpira ukaenda, ukapunguza mwendo, ukasimama kwenye mdomo wa shimo, nusu yake ikiwa hewani.

Wabeba mikoba wote tunaijua sheria hii: mchezaji akiufikia mpira wa namna hiyo, anaruhusiwa kungoja sekunde kumi. Ukidumbukia, umeingia. Chizuru alitembea bila haraka, akasimama juu yake. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili. Sekunde ya sita hivi, ua la msufi lilidondoka pembeni. Mpira haukudondoka.

Kumi.

Aliusukuma ndani kwa mkwaju ule mmoja uliozidi. Kisha akavua kofia, akaugeukia uwanja mtupu, akauinamia muda mrefu, kama unavyomwinamia mwenye nyumba mlangoni.

"Nimehesabu kumi kamili," nikamwambia alipotoka.

"Mimi sikuhesabu. Nilikuwa nauangalia tu, ulipendeza." Macho yalikuwa na maji, lakini alicheka. "Nimeshaaga tangu asubuhi. Sasa nina njaa. Twende tukale tambi."

Jioni nilirudi Sanyuanli na taulo moja shingoni, aliyonipa Chizuru. "Kumbe na wewe unarudi!" Mama Upendo akapiga makofi.

Siku ya kuondoka China nilipita karakanani kumuaga laoban. Pale sokoni mnunuzi hujifanya anaaga ili bei ishuke, kwa hiyo hakuinua hata kichwa. "Rafiki, bei ni ile ile."

"Sinunui. Naaga tu."

Alinitazama kwa mashaka, kisha akasimama, akanifungia kikasha cha chai.

Kutoka Dar nilikwenda moja kwa moja Mufindi. Dada Tulizo alikuwa anaanua nguo. Amepata mvi.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuaga, dada."

"Si uliondoka miaka sita iliyopita?"

"Ndiyo. Safari hiyohiyo."

Nilimpa taulo kwa mikono miwili. Akaigeuza, akakipapasa kibendera kwa kidole, akaitupia begani na kuvuta kigoda.

"Haya," akasema. "Kaa, niage vizuri."