Jipe ya Bulu Nyingi

Juzi nimerudi Baraka, na kitu cha kwanza kilichonigombanisha na mtu kilikuwa takataka. Fundi mmoja pale sokoni alikuwa amefagia vipande vya vitambaa mbele ya mashini yake, amevirundika, kiberiti tayari mkononi. Nikamwambia, "We kaka, ngoja kwanza! Unachoma nini?" Akanitazama kama mgeni aliyepotea njia. "Buchafu tu, mama." Buchafu! Nilipiga magoti pale pale na nguo yangu ya safari, nikaanza kuokota. Kipande cha ukubwa wa kiganja, kingine chembamba kama mkanda, kingine bado kina upindo wake wa kiwandani. Yule fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mwache acheke. Yeye hakulelewa na koko yangu.

Koko ni mama yake mama. Kwetu ukisema bibi watu wanafikiri unataja mke wa mtu, kwa hiyo niache niseme koko. Tulikaa upande wa ziwa, nyumba ya matofali mabichi yenye bati, nyuma yake mihogo, mbele yake kamba ya nguo. Baba na mama walikuwa wamekwenda kutafuta dhahabu Lulimba, wakaniacha kwake ili nisome. Asubuhi zetu zilikuwa na sauti zake: kinu cha jirani kikitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, wavuvi wakibishana kwenye mchanga, na koko akiniita, "We mutoto, macho yangu iko wapi?" Macho yake yalikuwa mimi. Ya kwake yalishaanza kuingia ukungu, kwa hiyo kabla sijachota maji, kabla sijaanika ndakala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya mkeka, nilimtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa na mashini ya kuzungusha kwa mkono, na mlio wake ndio ulionibembeleza nikiwa mtoto mdogo, kama wengine wanavyobembelezwa kwa nyimbo.

Vita ilitukuta siku ya kufua. Risasi zilianza upande wa barabara, watu wakaanza kukimbia kuelekea milimani, na koko akatia ndani ya beseni vile vilivyokuwa karibu. Blauzi yangu ya shule ilikuwa imekauka, akaianua. Jipe yangu, yaani sketi ya bulu ya iniforme, ilikuwa kitambaa kizito, bado inachuruzika maji. Tukaiacha pale kwenye kamba. Tulikaa Lubondja kwa watu wasiotujua, waliotupa pembe ya jiko lao na muhogo wa kuchemsha, Mungu awabariki. Tuliporudi, nyumba haikuwa na mlango, haikuwa na bati, mashini ilikwisha kwenda. Jipe pia. Hata kamba yenyewe haikuwepo. Nauliza mpaka leo: mtu anapigana vita, kamba ya nguo anaipeleka wapi?

Nilikuwa darasa la sita. Shule ilifunguliwa tena, madawati yamechomwa kuni, tukawa tunakaa juu ya mawe. Siku moja direkteri, mkuu wa shule yetu, akatukusanya uani akatangaza kwamba egzameni ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, itafanyika, vita au si vita, na watoto wa vijiji vya jirani watakuja kuifanyia kwetu. Lakini enspekta atakuwako. Kwa hiyo kila mtoto avae blauzi au shati jeupe, na chini bulu. Asiye na iniforme asijisumbue kuja. Hakuwa mtu mbaya, yule direkteri. Aliogopa enspekta aone fujo afunge senta nzima ya mtihani, sote tukose.

Nilirudi nyumbani nikilia. Maboti yalikuwa hayafiki, na madukani hata mwenye pesa hakupata kitambaa cha bulu. Mama jirani, aliyekuwa mwimbaji wa kanisani na sauti yake ilisikika kutoka nyumba ya tatu, akamwambia koko, "Umuache tu angojee mwaka unaokuya."

Koko aliweka chini ungo wake. Alisema maneno ambayo nimewarudia wanangu mpaka wamechoka nayo. "Vita ikikamata bati yangu, nitaezeka manyasi. Ikikamata darasa la sita ya huyu mutoto, nitaezeka na nini?" Halafu akamgeukia mama jirani. "Na weye, ile jipe yako ya korali iko na upindo murefu. Leta makasi."

Ndivyo ilivyoanza. Vazi la kazi la marehemu babu, bulu nzito iliyokwajuka magotini, koko alikuwa akilitumia kufunikia unga. Upindo wa jipe ya korali, bulu ya kung'aa. Pazia la mama jirani, bulu yenye maua meupe. Mfuko wa suruali ambayo mtu aliitupa kando ya njia. Shitingi ya bulu, ile ya plastiki waliyogawiwa wakimbizi. Uzi tuliuomba kwa wavuvi. Nilikaa mchangani nikifumua pembe ya wavu mbovu. Na sindano ilikuwa moja, iliyopona kwa sababu koko huichomeka ndani ya kilemba chake, kwenye kipande cha sabuni ili ipite vizuri kwenye kitambaa kigumu.

Hiyo sindano, rafiki yangu, haikuazimwa. Koko aliwaambia wazi wanawake wote wa mtaa: "Sindano haitoke hapa. Weye ndo unakuya." Basi wakawa wanakuja. Huyu na gauni lililochanika begani, yule na shuka la mtoto, wanakaa kwenye mkeka wetu wakingoja zamu, wanamenya maharage, wanacheka, wanasemana. Mtu asiyejua angedhani kuna arusi.

Kazi yenyewe hata wewe unaweza kuifanya nyumbani. Koko alikata karatoni kipimo cha kiganja chake, akakata vipande vyote kwa kipimo hicho, akiacha upana wa kidole pembeni wa kushonea. Kisha tukavipanga chini kwenye mkeka bila kushona hata kimoja, tukivihamisha kama watu wanaocheza kisoro, bao letu. Vizito nyuma, mahali pa kukalia, maana mwanafunzi anamaliza nguo kwa makalio. Vyembamba mbele. Unaweka viwili uso kwa uso, unashona upande wa ndani, na kila sindano ikienda mbele inarudi nyuma nusu, ili uzi ukikatika mahali pamoja kwingine kushike. Ukimaliza mstari, unaulaza kwa pasi. Pasi ilikuwa imeibiwa; alitia makaa ndani ya kikombe cha bati akapitisha kitako chake juu ya mishono, na harufu ya nguo ya babu ikapanda, jasho na mawese.

Mstari wangu wa kwanza niliushona kinyume, mishono yote nje. Nilidhani atanisifu. Alinirudishia. "Fumua." Nikanuna. "Fumua, mi nakwambia. Kufumua haiko aibu. Aibu ni kuvaa hivi." Nilifumua nikilia, nikashona upya, vidole vikiwa vimetobokatoboka. Leo nikishona hata foronya nasikia hilo neno.

Kiuno tulikitia ile shitingi ndani ili kisimame. Nikitembea kilisema kwara, kwara, kwara. Watoto wa mtaa wakanipa jina la Bulubulu, wakawa wanakimbia nyuma yangu wakiigiza mlio. Nilimwambia koko sitaivaa. Akaniuliza kama wale wanaocheka ndio watakaonifanyia egzameni. Nikaivaa.

Siku ya egzameni alinisindikiza mwenyewe, amejifunga vizuri, kikapu begani. Direkteri alikuwa mlangoni pa shule. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akatazama tena.

"Koko, hii ni jipe ao ni ramani ya Congo?"

"Mwalimu, iko rangi gani?"

"Iko… bulu. Lakini koko, iko bulu nyingi!"

"Weye ulitangaza bulu. Ulitangaza bulu moja?"

Akafunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimsaliti. "Mutoto, ingia."

Niliingia, kwara, kwara, nikakaa karibu na dirisha lisilo na kioo. Enspekta alikuwa mbele, bahasha zimefungwa juu ya meza, uso hauna utani. Nje, kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari kilichoninginia mtini. Ikilia tu, mlango unafungwa, na aliye nje amebaki nje.

Nikachungulia nimuage koko. Hakuwa ameondoka. Alikuwa anatazama ukuta wa shule, na pale ukutani walisimama watoto waliotoka Lweba na Lubondja, wengine nao ni wakimbizi, pamoja na mama zao. Juu walikuwa wamepata cheupe, lakini chini wamevaa walichonacho: kikwembe, yaani kitenge, cha kijani, kaptula ya kahawia, jipe nyekundu. Direkteri alikuwa amewakataza kuingia. Wametembea tangu alfajiri, na walisimama wakishika kalamu tu.

Nikamwona koko anakwenda kwao, anaweka kikapu chini. Akatoa mabaki yote ya vitambaa tulivyoshonea jipe yangu. Sikuyasikia maneno ya kwanza, lakini ya pili niliyasikia, maana alipaza sauti: "Bamama, munalia nini? Nani iko na bulu mwilini? Atoe!" Na wale wanawake wakaanza kupasua. Mmoja upindo wa kikwembe chake, mwingine kilemba, mwingine ule mkanda wa kumbebea mtoto mgongoni. Ule mlio wa nguo inayopasuka mikononi mwa wanawake wengi kwa pamoja, kraaa, kraaa, sijausikia tena mahali popote.

Vipande vile wakawazungushia watoto kiunoni, wenye pini wakapachika pini. Wengine walifunga mafundo. Na koko alichomoa sindano kutoka kilembani akampa mwanamke asiyemjua hata jina, akasema, "Shona!" Mimi pale dirishani niliduwaa. Koko ametoa sindano! Wavulana waligoma, wakisema hawavai jipe. Akawakemea. "Uchague: kuvaa sawa dada yako asubui moja tu, ao kufukuzwa mulango mupaka ukuwe muzee." Wakafunga, nyuso zimekunjamana.

Ndani, enspekta akatazama saa yake. "Direkteri! Kengele!"

Direkteri alikuwa chini ya mti, chuma cha kugongea mkononi. Alinyanyua mkono. Akautazama ukuta, wale wanawake wamepiga magoti vumbini, vinywa vimejaa uzi. Akashusha mkono. Akavua saa yake, akaitikisa, akaitia sikioni. "Samahani, bwana enspekta. Saa yangu imesimama. Naisikiliza kwanza." Na akasimama vile, kichwa upande, akisikiliza saa isiyo na kasoro, yenye afya njema.

Bulu ikaisha, na wasichana wawili walikuwa bado. Koko akainamia kikapu akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Mimi nilikijua. Familia nzima ilikijua. Kilikuwa kikwembe cha bulu iliyokolea, kipya, hakijaonja maji, alichojinunulia mwenyewe kwa ajili ya siku ya kuzikwa kwake. Tulipokimbia, aliacha sufuria akabeba hicho. Hakukiacha nyumbani hata akienda kuchota maji, tangu nyumba ikose mlango. Nilitaka kupiga kelele, "Koko, hapana!" lakini enspekta alikuwa mbele yangu. Akang'ata ukingo kwa meno yake machache, akavuta. Kraaa. Akawafunga wale wasichana kiunoni, akawasukuma kwa kiganja mgongoni. "Kimbieni!"

Waliingia wote, wakinuka jasho na vumbi. Ndipo kengele ikalia. Enspekta aliwatazama mmoja mmoja, akafungua bahasha. Swali la kwanza lilikuwa la hesabu, na niliona namba mbilimbili kwa machozi, lakini nililifanya.

Nilipita. Wengi wa wale wa ukutani walipita pia, majina yalisomwa uani, na koko akapiga vigelegele hata kwa watoto asiowajua. Kisha vita ilirudi, na tena ikarudi. Wengine walivuka ziwa, wengine sikuwasikia tena. Mama jirani alikwenda na sauti yake, sijui aliko. Shule leo ina madirisha na kengele ya kununua, na watoto wanavaa bulu moja kutoka dukani, wanapendeza kweli, simlaumu mtu. Lakini mkeka ule wa wanawake waliozunguka sindano moja haupo tena mtaani kwetu. Kila mmoja ana sindano yake na mlango wake umefungwa. Natamani hata ule umbea wao.

Koko alikufa kwa uzee, kitandani kwake, jambo ambalo kwa miaka ile tulilihesabu kuwa neema. Nilikuwa tayari mwalimu. Shangazi yangu aliyetoka mbali kwa mazishi akafungua kile kifurushi, akakunjua kikwembe juu ya mwili, kikaishia magotini. Akakivuta chini, kikaacha mabega wazi. Akaanza kufoka: nani ameiba nguo ya maiti? Akataka tuunge kitambaa kingine ili kifike miguuni. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, uzi umeshatungwa, na mikono yangu ilijua kazi hiyo kuliko mikono yote mle ndani. Nikakataa.

"Nusu yake iko wapi basi?" shangazi akaniuliza.

"Ilienda kufanya egzameni," nikamjibu. "Na ilipita."