Gauni la Kumfundisha Kushiba

Nimeshona na Fundi miaka mingi, cherehani yangu ikitazamana na yake, na sijapata kuona mkono mzuri kama wake. Sare za shule za mtaa mzima zinatoka kwetu. Yeye hukata na kushona, mimi hupiga pindo, hutia vifungo na kupiga pasi. Mteja akija na kitambi chake, Fundi humwachia mshono mpana kwa ndani, na hamtanii. Ndiyo maana nilipojua alichokuwa akimfanyia binti yake, nilishindwa kumtazama usoni, na roho haijatulia vizuri mpaka leo.

Alikuwa akimpunguzia mtoto magauni kwa makusudi. Anampima sawasawa, halafu anakata pungufu. Kiuno kikibana, alisema, mtoto ataona aibu aache ulafi. Mzazi mwingine angeshika fimbo. Huyu alishika sindano. Binti alishinda na michubuko kiunoni, jasho limeozesha kitambaa makwapani, mishono ikimpasukia darasani wenzake wakimcheka. Jioni mama mtu anaishona upya, palepale, bila kuongeza hata upana wa ukucha.

Nyumbani walimwita Pipa. Aliyempa jina hilo ni shangazi yake, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Baba mtu, dereva wa malori ya safari ndefu, akija anacheka, analala, anaondoka. Shangazi huyohuyo, mtoto alipokuwa mchanga akiharisha mfululizo, amekonda amebaki macho, alieneza maneno kwamba maziwa ya wifi yake ni machafu. Nepi zile nilizifua mimi na Fundi. Harufu yake ilikuwa inakufuata mpaka kitandani. Mtoto akalazwa, akatundikiwa dripu, akapona nusunusu. Halafu akaanza kula, na hakuacha tena. Shangazi akageuza maneno: sasa mama anamlisha kupita kiasi.

Na kweli alikula. Sitafunika kitu, ilitia kinyaa. Siku moja nilimkuta nyuma ya duka letu ameingiza mkono kwenye ndoo ya taka, analamba karatasi iliyofungiwa chakula chetu cha mchana, nzi wametua kidevuni. Alinitazama bila kuacha kulamba.

"Nina njaa," akasema.

Nikamwambia ametoka kula sasa hivi. Akasema anajua. Nilimfuta mdomo, kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni. Lakini kilichonichefua zaidi ya ndoo ile ni kufuli ambalo Fundi alilitia mlangoni mwa jiko siku hiyohiyo, na neno "mwizi" alilomwita mtoto mbele ya wateja.

Shangazi akaja na tiba yake: mtoto aende kwake likizo nzima, ashindishwe njaa hadi tumbo lizoee. Baba akakubali kwa simu, yuko barabarani na lori lake. Fundi, macho makavu, akaanza kushona gauni la safari, jembamba kuliko yote. Nilimwambia watamuua mtoto. Aliniambia nitie vifungo.

Hawakungoja hata likizo. Shangazi alitaka mtoto aanze kuzoezwa palepale, yeye na Fundi wakamfungia chumbani, pale nyumbani kwao, tangu asubuhi na maji matupu. Nilipopita kumjulia hali mchana, Fundi alifungua mlango, tukamkuta sakafuni, jasho la baridi limemlowesha, macho yamegeuka. Gauni la safari, walilokwisha kumvisha, lilikuwa limembana hata ikabidi tulichane kwa mkasi apate kupumua. Fundi ndiye aliyeshika mkasi. Shangazi alisimama mlangoni akisema huyo anajifanya tu.

Hospitali walikuta sukari yake imeshuka vibaya. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, hakuuliza kwanza mtoto anakula nini. Aliuliza alikuwaje uchangani. Fundi alipotaja kule kuharisha, daktari aliweka kalamu chini. Damu ikapelekwa mbali kupimwa vinasaba, na majibu yalipokuja, mtoto akiwa bado amelazwa, akatuketisha wodini, shangazi akiwemo, maana yeye hakosi penye maneno.

Alieleza kwamba homoni nyingi mwili huzitengeneza kwanza zikiwa ndefu na hazifai kitu, mpaka kimeng'enya fulani, yaani enzaimu, kizikate. Mtoto huyu alirithi kasoro kwa wazazi wote wawili, na kimeng'enya chake hakikati. Kwa hiyo homoni ya kuuambia ubongo kwamba tumbo limejaa haikamiliki. Ya kudhibiti sukari nayo haikamiliki sawasawa. Ile inayousaidia mwili kuvumilia njaa na homa ni haba mno. Kuharisha kule kulitokana na kasoro hiyohiyo.

"Vitambaa vimejaa stoo, mkasi haukati," alimwambia Fundi. "Mtoto wako si mlafi, mama. Na huko kumshindisha njaa kungemuua."

Shangazi akadai kwao hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Daktari akarudia kwamba ni wazazi wote wawili. Mwanamke yule akachukua mkoba wake akatoka, hakumwachia mtoto hata pole, nami nikatamani kumtemea mate.

Kulikuwa na vidonge vya kufidia homoni iliyopungua. Kwa njaa yenyewe ipo sindano, lakini hospitali ile haikuwa nayo. Daktari aliahidi kuitafuta. Kwa sasa chakula kitolewe kwa kipimo, kwa saa zake, na jiko liendelee kufungwa. Mtoto alisikiliza yote akiwa amejifunga shuka, kwa sababu hakuwa na nguo hata moja ya kumwingia.

"Kwa hiyo nikisema nina njaa," alimuuliza mama yake, "si uongo?"

Fundi akamfunika shuka vizuri mabegani. "Si uongo, mwanangu."

"Basi nina njaa."

Saa ya chakula ilikuwa bado, na Fundi hakuwa na ruhusa ya kumpa hata kipande. Alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia.

"Najua," akamwambia. "Najua una njaa."

Mtoto akaanza kulia, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake miaka yote ile. Niliwaacha, nikatoka nje, kwa sababu bado nilishindwa kumtazama Fundi usoni.