Habari ya Saa Saba

Darasani walimwita Spika, maana hata akinong'ona, aliyekaa mlangoni anasikia. Alikuwa mwaka wa pili wa uandishi wa habari, katika chuo kidogo chenye redio isiyovuka ukuta: studio ya chumba kimoja ghorofani, na vipaza sauti bwaloni, uwanjani na getini. Mwalimu wao wa habari alikuwa na wimbo mmoja tu. "Watu wawili," aliwaambia mpaka wakamchoka. "Wawili, na wote wawe wameona kwa macho yao."

Siku hiyo laptopu nyingine iliibwa bwenini, na wanafunzi hasira zilikuwa zimewafika kooni. Dakika chache kabla ya taarifa ya saa saba, rafiki yake alipanda ngazi akihema.

"Spika, nimemwona! Shati la kijani, laptopu kwapani, kapita nyuma ya bweni!"

Shahidi wa pili angempata wapi saa hiyo? Na tuseme ukweli, alitaka awe wa kwanza. Akawasha maikrofoni, akaisoma habari hiyo kwa ile sauti yake tamu.

Hata habari za michezo hakuzifikia. Makelele yalipanda kutoka uwanjani, akachungulia dirishani. Kundi lilikuwa limemwangusha mtu mwenye shati la kijani. Walimpiga kwa mateke, kwa mikanda, kwa miguu ya viti vya bwaloni. Mmoja alimkanyaga usoni kama anayezima moto. Kando yake laptopu ilikuwa imepasuka, na kwenye kifuniko Spika aliona kibandiko kikubwa cha ua alichokibandika mwenyewe. Kaka yake, fundi wa kompyuta, alikuwa ameahidi kumletea leo ikishapona.

"Mwacheni!" alipiga yowe kwenye maikrofoni. "Ni kaka yangu! Laptopu ni yangu! Nimetangaza kitu nisichokijua!"

Sauti ilinguruma chuo kizima. Wengi waliganda. Mwenye mguu wa kiti alishusha pigo moja la mwisho, eti mkono ulikuwa umeshapanda, na hilo ndilo lililompofusha kaka jicho la kushoto. Kisha mashujaa hao wakatawanyika wakijifuta damu kwenye suruali, kila mmoja ghafla ana kipindi cha kuwahi.

Hospitalini kaka alikuwa amevimba, hatambuliki. Alisema kwa shida, maneno yakipenya kwenye meno yaliyobaki.

"Nilikusikia pale getini, mdogo wangu. Nikamwambia mlinzi, huyo anayesoma ni dada yangu. Nikasimama nikusikilize."

Spika alimshika mkono, akalia mpaka shuka likalowa.

"La shati la kijani pia nililisikia," kaka akasema. "Wala sikujitazama, nikaingia zangu uwanjani. Hivi huyo mwizi, walimwona wangapi?"

Angeweza kudanganya. Kaka alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili, asingemwona uso.

"Mmoja, kaka," akasema. "Mmoja tu."

Kaka akautoa mkono wake taratibu, akageukia ukutani.