Salamu ya Mkono wa Kushoto

Juzi, nikipita karibu na uwanja wa Tononoka, niliwaona watoto wa skauti wakipeana mkono wa kushoto, nikamkumbuka babu.

Alasiri moja ya utotoni nilikuwa nimekula kiapo changu cha skauti. Nilirudi nyumbani Ndia Kuu mbio, skafu shingoni ingali na harufu ya dukani. Babu, aliyekuwa mwalimu wa Kurani, alikuwa ameketi barazani na wazee wenzake wakinywa kahawa ya tangawizi. Nami, nikidhani skauti humsalimu kila mtu vivyo hivyo, nikamnyoshea mkono wa kushoto.



“Mjukuuo hakufunzwa adabu?” mzee mmoja akamuuliza.

Machozi yalinilenga. “Kiongozi wetu asema mkono huu ndio ulio karibu na moyo, babu.”

Babu aliutazama kidogo, kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili. “Basi karibu moyoni, mwanangu,” akasema, akanikalisha ubavuni pake.

Nilidhani hiyo ndiyo salamu ya wakubwa wa skauti. Kwa muda mrefu nikawatambia wenzangu kwamba babu yangu ana cheo cha siri. Sasa najua alikuwa akinisitiri.